Tarehe Tano

Nilipima chumba cha kwanza kwa tepu ya kushonea,
ileile ninayozungushia viuno vya watoto wa shule
kila Januari. Futi kumi kwa kumi, kasoro kidole.
Fundi Kilonzo akacheka: Mama, hii si sketi.
Nikamwambia, jiwe nalo ni kitambaa,
ukikosea kukata, hakuna wa kukurudishia.

Vyumba vitatu, Mwiki, nyuma ya kanisa lisilo na jina bado,
kwenye nusu ya arobaini kwa themanini.
Choo kimoja, mfereji mmoja, mita moja ya stima
ambayo tayari imezua kesi mbili.
Mkopo wa Sacco, miezi arobaini na minane,
wadhamini wanne: dada yangu Mwikali,
shemeji ambaye hanisemeshi tena,
na wanawake wawili wa soko la Kariobangi
ambao wakiniona hunitazama miguu,
kana kwamba naweza kukimbia.

Hesabu niliiandika nyuma ya kalenda:
elfu nne mia tano, mara tatu.
Nikaitazama jinsi mtu anavyotazama mchele
kabla ya kuuchambua.
Kisha nikauchambua.
Sacco, elfu kumi na moja. Maji, mia tisa.
Gari la kunyonya choo, fungu lake la mwezi, elfu moja.
Kufuli iliyoibwa ikiwa imefungwa, mia tatu hamsini.
Iliyobaki nikanunua balbu ya uani.

Hakuna aliyeniambia kuwa chumba kitupu nacho hula.
Namba tatu kilikaa miezi miwili mdomo wazi
nami nikakilisha sketi, kaptura, sketi.
Waliokuja kukiona waligonga kuta kwa vifundo,
wakanusa mfereji, wakauliza maji huja siku gani.
Alhamisi, nikasema, na nikashtuka:
ilikuwa sauti ya mwenye nyumba wangu wa Umoja,
imekaa kooni mwangu miaka kumi na tisa
bila kulipa kodi.

Hatimaye vikajaa. Wanyonyi, wa kuchomelea vyuma.
Halakhe, bawabu wa usiku, alalaye mchana
na kulipa tarehe mbili kabla sijamkumbuka.
Na namba mbili, Nasimiyu,
anayeuza mayai ya kuchemsha stejini,
yeye na mtoto wa miaka mitatu.

Tarehe tano nikaenda. Tarehe nane nikaenda.
Tarehe kumi na moja nikaenda usiku, daftari kwapani,
maneno nimeyabana midomoni kama pini.
Nikabisha.
Taa ikazimika.
Kikohozi cha mtoto kikaanza, kikafunikwa kwa kiganja.

Ukimya ule naujua mishono yake.
Nimewahi kuushona mwenyewe,
nimekaa juu ya ndoo, nimeshika pumzi,
mwenye nyumba akikwaruza mlango kwa funguo zake
taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Ningependa kusema nilisamehe.
Sacco hailei mtoto; hudai tarehe kumi na tano.
Nikasema kwenye ufa: Nasimiyu, Jumamosi. Nusu.
Nusu ya pili tutaongea.
Ndani, hakuna aliyejibu.
Pini zilizobaki nikarudi nazo mdomoni.

Nilifika kwangu saa nne.
Kwangu, yaani pale ninapopanga,
maana aliyejenga vyumba vitatu hakujibakizia cha kulala.
Nikawasha taa, nikatandaza sketi ya kijani,
pindo lake lilikuwa bado.
Nilikuwa nimesahau kuwa ni tarehe kumi na moja huku pia,
kwamba hata mimi ni namba ya mtu:
saba, ghorofa ya pili, karibu na tangi.

Hodi yenyewe haikuwa hata kali.
Vidole vyangu vikatangulia ukutani.
Nikakaa gizani, sketi mapajani, tepu shingoni,
nikisikiliza, nje ya mlango,
mtu akifungua daftari.